Alama Inayoonekana Vizuri

Vijana wawili walipita kwetu Mwankoko asubuhi wakiwa na kopo la rangi nyekundu, wakachora X kubwa kwenye nyumba ya mama yangu, pembeni ya dirisha, kisha wakaendelea na safari yao. Hawakubisha hodi. Mama alikuwa uani anapepeta mtama, alipokuja kuiona akadhani ni utundu wa watoto. Jirani ndiye aliyemweleza kwamba nyumba yenye X imejengwa kwenye hifadhi ya barabara na itavunjwa.

Ajabu ni kwamba nyumba ya huyo jirani, iliyo karibu zaidi na barabara kuliko yetu, haikupata hata doa. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema kuna makosa, ila alilisema kwa sauti ya chini, wenye kopo wasije wakamsikia.

Mama hakuwa mbishi. Kama ni haki yao kuvunja, wavunje. Shida yake ilikuwa ukuta wa nyuma, wa matofali mabichi aliyofyatua yeye na marehemu baba. Ulikuwa umeanza kuachia, na mvua hazikuwa mbali. Kukarabati nyumba itakayovunjwa ni ujinga, na kuiacha iangushwe na mvua kumbe ingebaki ni ujinga zaidi. Alitaka kujua jambo moja tu: hifadhi ya barabara inaishia wapi. Nikamwambia hilo liko kwenye ramani, ramani ni ya umma, na kila raia ana haki ya kuomba nakala. Nilisema kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuomba.

Barua ya ombi niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya barabara, Singida mjini. Ikagongwa muhuri wa "Imepokelewa", na kwa muda mrefu muhuri huo ndio ulikuwa jibu lote. Dada wa masjala alikuwa na adabu sana. Kila nikienda ananiamkia, ananiuliza hali ya mama, halafu ananiambia ombi linashughulikiwa. Safari moja faili lilikuwa kwa mkuu. Safari nyingine mkuu alikuwa semina. Baadaye ikajulikana kwamba ramani zimo kabatini, na ufunguo wa kabati ameondoka nao afisa aliyehamishiwa Nduguti. Nikasema nitaufuata mimi huko Nduguti. Dada akanitazama kwa huruma, akasema ufunguo wa serikali haufuatwi na mtu binafsi, unaandikiwa barua. Nikauliza kama hiyo barua imeshaandikwa. Inashughulikiwa.

Mvua zikaanza. Mama akaegemeza miti kwenye ukuta wa nyuma na kuhamishia kitanda chake sebuleni. Mvua hizohizo zikaiosha X ya mbele, maana rangi yenyewe ilikuwa hafifu, mpaka ukabaki wekundu wa kubahatisha.

Ndipo simu ikaja. Afisa mmoja, kijana kwa sauti yake, alimwambia mama kwamba foleni ya maombi imefika kwetu, na kwa kuwa ramani bado haijapatikana, watakuja kukagua wenyewe. "Ila mama, hakikisheni nyumba inatambulika," akasema.

Mama alilipokea neno hilo kama anavyopokea habari za mgeni yeyote. Akafagia uwanja, akaazima viti, kisha akautazama ukuta. Niliporudi kutoka kazini jioni nikakuta X mpya, nyekundu pyu, mistari imenyooka kuliko ile ya serikali.

"Mama, umefanya nini?"

"Watasema tumeifuta," akajibu. "Alama ya serikali haifutwi, mwanangu. Na wakiikosa watasema hawakuiona nyumba, tuanze upya. Ukweli utasemwa na ramani."

Kwa jinsi nilivyokwisha kuifahamu ile ofisi, alikuwa na hoja.

Wakaguzi walikuja wawili. Wakatoa shikamoo, wakakaribishwa, wakanywa chai kwa karanga. Wakaupiga picha ukuta wa mbele kwa simu. Mama akawaomba wautazame na wa nyuma, wakasema huo haumo kwenye ombi.

Safari hii jibu halikuchelewa. Nilimsomea mama naye amekaa kwenye kiti ambacho alikuwa hajakirudisha. Ofisi ilikuwa imefanya ukaguzi na kujiridhisha kwamba nyumba husika ina alama ya X inayoonekana vizuri, na hivyo imo ndani ya hifadhi ya barabara. Nakala ya ramani ingetumwa itakapopatikana.

Akaniambia nirudie pale pa kuonekana vizuri. Nikarudia. Nikaikunja karatasi kwa hasira, nikaapa kwamba kesho naenda ofisini na sitoki mpaka kabati livunjwe. Mama akasema kitu kwa Kinyaturu, si kwangu, nadhani kwa marehemu baba. Kisha akanigeukia.

"Wamekuja kuniuliza mimi," akasema, "na mimi nikawajibu."

Kesho yake sikwenda ofisini. Mvua ilikuwa imepumzika, mama alikuwa amemwita fundi, na mimi nilitakiwa kuchota maji ya kukandia udongo. Ukuta wa nyuma tukaubomoa wenyewe, tukaanza kuupandisha upya kutoka chini. Fundi alikuwa ameiona X wakati anaingia. Alipanga mstari wa kwanza wa matofali, halafu akamuuliza mama kwa adabu kama ana hakika na anachokifanya.

"Ninayo," akasema mama, akimsogezea tofali. "Wakija kuvunja, wakute nyumba."