Mlingoti wa Mama, Rangi ya Baba

Mama yangu anaongea sana, na kama ningekuwa mtu wa kuficha mambo ya nyumbani ningesema tu kwamba ni mcheshi. Alikuwa mpokea simu wa hospitali mpaka alipostaafu. Miaka yote hiyo alikaa kwenye kichumba kisicho na dirisha, akiwaunganisha watu na madaktari, akiwatuliza waliochanganyikiwa na kuwakemea waliotukana. Alipostaafu nyumba ikamshinda. Alizungumza na jiko. Alibishana na msomaji wa taarifa ya habari. Baba, ambaye akisema maneno kumi kwa siku anahisi amehutubia, alianza kuchelewa kurudi kutoka kazini. Si kwa ubaya, ni masikio tu yaliyokuwa yanaomba likizo.

Ndipo mama akaingia kwenye redio. Sisemi redio ya kusikiliza nyimbo. Nasema ile ya kuzungumza, ya wale watu wanaosimamisha antena uani na kuongea na wageni wa mbali kwa mapenzi tu, bila mshahara wala faida. Alisoma, akafanya mtihani, akapata leseni, akarudi nyumbani akitembea kama bibi harusi. Kuanzia siku hiyo baba akawa anamwita Stesheni. Mama alipata marafiki ambao hajawahi kuwaona sura: muoka mikate mmoja, mwalimu wa hesabu, na bibi mmoja mgonjwa wa miguu ambaye kila alasiri walikuwa wakipeana habari za wajukuu. Mama akanawiri. Hata ngozi ilibadilika, na hilo nalisema mimi mwenye saluni, kwa hiyo najua ninachosema.

Baba ni fundi rangi. Mtaani wanamwita Koti Mbili, kwa sababu hajawahi kukubali kupaka ukuta mara moja akaondoka, hata mwenye nyumba akimsihi. Ana jambo jingine linalomtofautisha na mafundi wenzake, na linawachosha wote wanaofanya naye kazi: hapaki kuzunguka skrubu. Mafundi wengine wakikuta swichi ukutani au bawaba mlangoni hupitisha brashi pembeni yake, wakajifuta jasho, wakaenda zao. Baba hufungua. Anafungua kitasa, anafungua bawaba, anafungua ndoano ya kutundikia taulo, anapaka chini yake, anapaka na skrubu zenyewe, anasubiri zikauke, kisha anarudisha kila kitu mahali pake. Ukimuuliza kwa nini, anakuangalia kama umemuuliza kwa nini anavaa suruali.

Na baba anaogopa radi. Halifichi hilo, ila halizungumzii. Alipokuwa kijana alikuwa juu ya paa la shule na mwenzake, wanapaka mabati. Baba alishuka kuchukua rangi. Radi ikampiga mwenzake pale pale alipokuwa ameinama na brashi mkononi. Nimemsikia akilisimulia mara moja tu, na alilisimulia akiangalia ukuta. Tangu hapo wingu likizidi kidogo anazunguka nyumba nzima akichomoa kila kilichochomekwa, hadi friji, kisha anakaa kwenye korido mikono magotini mpaka mvua iishe.

Sasa fikiria mtu huyo anaambiwa na mkewe kwamba anataka kusimamisha bomba refu la chuma uani, lenye waya unaoingia mpaka chumbani. Mimi nilitegemea vita. Baba aliuliza swali moja tu: radi haitaingia ndani? Mama akamwahidi kwamba haitaingia. Akamwonyesha kifaa kidogo cha chuma, kama kidole gumba kwa ukubwa, kinachofungwa ukutani nje, pale waya wa antena unapokaribia kuingia ndani. Sisi nyumbani tulikiita mlinzi. Ndani yake kuna kidonge cha gesi. Siku za kawaida mlinzi anaacha mawimbi ya redio yapite tu, lakini nguvu ya radi ikija anaikatiza njia na kuipeleka kwenye bamba la shaba alilofungwa juu yake, na kutoka hapo inashuka kwa waya mnene hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Baba alisikiliza, akamwuliza kama ana uhakika, kisha akachimba shimo la mlingoti kwa mikono yake. Kama hayo si mapenzi, basi mimi sijui mapenzi yanafananaje.

Kabla ya mvua kuanza, mama alikwenda kumwona dada yake. Aliporudi alikuta mlingoti umepakwa rangi ya mafuta, kijani kibichi, kuanzia chini hadi kileleni. Na bamba limepakwa, mlinzi wa ukutani naye, hata kibano kinachoshika waya kwenye fimbo. Baba alisema kutu isingethubutu kusogea. Mama alizunguka mlingoti akiusifia, akawatangazia marafiki zake wote hewani kwamba hakuna mwenye mume kama wake. Mimi nilitia chumvi kwamba sasa jirani ataufungia mbuzi akidhani ni mti.

Radi ilipiga alasiri moja, na haikupiga hata mlingoti wetu. Ilipiga nguzo ya umeme ya mtaa wa nyuma. Mama alikuwa saluni kwangu, kichwa kimesukwa nusu. Wakati mwingine wowote angekuwa nyumbani kuchomoa waya wa antena. Baba alikuwa nyumbani na binti yangu mdogo, aliyelala chumba cha pili kutoka kile cha redio. Alichomoa vyote kama kawaida yake, lakini waya wa redio hakuugusa, kwa sababu mama alishamwambia asiuguse na kwamba mlinzi yupo. Tulisikia mlio, tukakimbilia nyumbani, mama na mtandio wangu kichwani. Redio ilikuwa inafuka moshi. Ukingo wa meza ulikuwa mweusi. Mtoto alikuwa analia mikononi mwa babu yake kwenye korido, mzima kabisa, na babu yake ndiye aliyekuwa haonekani mzima.

Baba hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alimwambia mama, "Uliniahidi," akampa mtoto, akatoka nje. Jioni alitangaza kwamba Jumapili fundi wa kuchomelea atakuja kuukata mlingoti. Hakumwita Stesheni. Alimwita "Mama", kama anavyomwita akiwa mgonjwa au ana huzuni.

Mama angeweza kuvumilia kupoteza redio, maana anayo nyingine ndogo ya akiba kabatini. Mlingoti ungemuuma, na kumkosa yule bibi mgonjwa wa miguu kungemuuma zaidi. Lakini lililomkosesha usingizi ni lile neno moja. Alikuwa amempa mtu aliyekwisha kuumizwa na radi ahadi juu ya radi, na ahadi imekwenda mrama. Alitaka kujua kwa nini. Radi ya mtaa wa nyuma, alisema, mlinzi angeimaliza bila hata kutoka jasho.

Akaanza kumsaka mkosaji, nami nikamfuata, maana nilitaka kujua kilichotaka kumuua mwanangu. Alianza na kidonge. Alikitoa, akakichunguza juani, hakijaungua hata kidogo. Hilo ndilo lililomtatiza. Kidonge kilichopigana na radi huwa na alama, na hiki kilikuwa safi, kama kwamba siku ile hakikuwepo kazini. Akaweka kipya hata hivyo. Akapima waya wa antena kwa mita ya umeme, ile inayolia njia ikiwa haijakatika, ukawa mzima. Akapima waya mnene wa kwenda ardhini, nao mzima. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye mgongo wa mlinzi na nyingine kwenye fimbo ya ardhini. Hapo mita ilitakiwa kulia. Ikanyamaza.

Akaitikisa mita. Akaigombeza. Akabadilisha betri. Akagusanisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe, ikalia vizuri. Akarudia kwenye mlinzi, kimya. Ndipo akachukua bisibisi akamfungua mlinzi kutoka kwenye bamba, na chini yake, pale ambapo chuma cha mlinzi kinatakiwa kukumbatiana na shaba tupu, tukaona kijani. Kijani safi, laini, kimefika kila kona. Skrubu nazo za kijani, mpaka kwenye nyuzi, ile mizunguko inayouma. Akafungua kibano cha kwenye fimbo. Chini yake kijani. Alikwangua kidogo pale na kwenye bamba kwa kisu cha jikoni, akaweka mita, ikalia.

Sote wawili tulikaa chini palepale uani. Nilielewa bila kuelezwa. Fundi mwingine yeyote angepitisha brashi pembeni na mlinzi angeendelea kushikana na shaba. Baba alifungua kila kitu, akapaka andakoti, ile rangi ya msingi, na koti mbili juu yake, akarudisha kwa ustadi. Mlinzi alikuwa amesimama pale miezi yote akiwa hajagusana na ardhi, na radi ilipokuja haikuwa na pengine pa kwenda isipokuwa ndani.

Nilisema tumwambie leo hii, kabla hajamwita mchomeleaji. Nilifurahi, nakiri. Kosa limepatikana, dawa yake ni msasa, mlingoti umepona. Mama alikuwa anatazama kile kisu.

"Nimwambie nini?" akaniuliza. "Kwamba aliyemfungulia radi mlango ni yeye? Na mtoto alikuwa chumba cha pili?"

Nikasema lakini ndiyo kweli. Akasema kweli hiyo haitoki nje ya ua huu. Akanikumbusha paa la shule, akasema yule mtu amebeba radi moja maisha yake yote na yeye hatamwongezea ya pili. Mlingoti ni bomba tu, akasema. Mlingoti utakatwa. Mimi nilichemka. Nilimwambia anampa mume wake zawadi ambayo hajaiomba. Akanijibu kwamba mimi nisubiri nizeeke na mtu ndipo nije nimfundishe. Akamrudisha mlinzi mahali pake, akafagia magamba ya rangi kwa kiganja, na mezani akamwambia baba kwamba amegundua kasoro: kidonge kilikuwa kimezeeka, kosa lake mwenyewe, alipaswa kukibadilisha. Alisema hivyo akipakua chakula. Baba akaitikia kwa kichwa. Mimi nilishindwa kula.

Jumapili mchomeleaji alikuja na mashine yake, kijana mpole mwenye miwani myeusi juu ya kofia. Mama alikuwa amevaa vizuri kama anakwenda msibani. Asubuhi alikuwa ameagana na bibi wa miguu kwa ile redio ndogo, akimwambia anafanya ukarabati, nikamsikia sauti ikikatika akasingizia mitambo. Baba akamwambia kijana asianze kwanza. Mlinzi wa ukutani atolewe salama, alisema, hawezi kuacha kitu chenye skrubu kikatwe kwa moto. Mama akasogea kati yake na ukuta, halafu akampisha.

Baba akachukua bisibisi yake. Akafungua skrubu moja baada ya nyingine akiziweka mfukoni, akamtoa mlinzi, akasimama. Kwenye bamba la kijani palikuwa na doa la shaba tupu lililokwanguliwa. Alilitazama muda. Akapitisha kidole. Kisha akainama kwenye fimbo, akafungua kibano, akalitazama na doa la pale.

"Ulikwangua?" akauliza bila kugeuka.

"Kulikuwa na kutu," mama akasema.

"Shaba haishiki kutu."

Baba aligeuza mlinzi, akatazama mgongo wake uliokuwa umeacha alama ya duara juu ya rangi, kisha akazitoa mfukoni zile skrubu za kijani, akazitazama kiganjani. Mtu anayejua rangi anajua rangi inafunika nini. Niliona uso wake ukimshuka, na nikamwona akitazama dirisha la chumba ambacho binti yangu hulala.

Mchomeleaji, ambaye hakuwa na habari, aliuliza kama aanze kukata.

"Zima mashine, kijana," baba akasema. "Mlingoti hauna kosa. Radi niliiingiza mimi." Akamwonyesha, mtu wa nje kabisa, doa na skrubu, akamweleza kila kitu taratibu kama anavyomweleza mwanagenzi, jinsi alivyofungua, jinsi alivyopaka, jinsi alivyofunga. Koti Mbili, ambaye hajawahi kuitwa arekebishe kazi yake. Alimweleza hata sehemu ya mtoto. Kisha akaniangalia mimi, mama wa mtoto, akasema, "Nisamehe, mwanangu." Nikamwambia hakuna cha kusamehe, na machozi yakanitoka mbele ya watu.

Alipiga magoti mbele ya bamba na msasa wake akaanza kukwangua. Alikwangua mpaka shaba ikang'aa, akahamia kwenye nyuzi za skrubu. Mama alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ulijua tangu lini?" baba akauliza.

"Tangu Alhamisi."

"Na ungewaacha waukate."

"Ningewaacha."

Aliendelea kukwangua. Mama akasogea karibu.

"Ulipaka vizuri, Fundi," akasema. "Kisu kilinikatalia mara ya kwanza."

Mkono wa baba ulisimama na mabega yakaanza kutikisika kwa kilio, na mama akapiga magoti pembeni yake akiwa na nguo zake nzuri, akamshikia bamba.