Daftari la Pumzi za Liwali

Mfaume Lukumani alifanya kazi ya gadi wa treni miaka ishirini na sita. Siku alipostaafu, reli ilichukua filimbi yake na bendera zake mbili, ikamwachia saa ya mfukoni. Hapo ilikosea. Mtu kama yule ukimwachia saa umemwachia kazi yote. Mtaa mzima wa Chemchem, pale Tabora, ukawa unaambiwa kwamba adhana ya leo imechelewa dakika mbili, kwamba muuza maziwa kapita kabla ya wakati wake, na kwamba mvua ya jana ilinyesha dakika thelathini na nne, wala si nusu saa kama watu wanavyojisemea.

Nyumbani kwake walikuwa wawili, yeye na mkewe Mwamvita. Mwaka sabini na mbili Mwamvita akafariki, nyumba ikabaki na mtu mmoja na paka.

Paka aliitwa Liwali. Alizaliwa stoo kwa Mwamvita mwezi uleule bendera ya Mwingereza iliposhushwa, na tangu macho hayajafumbuka sawasawa alikuwa anapenda kukaa juu ya mto akingoja kuhudumiwa, kama wale maliwali wa zamani waliokuwa wakiamua kesi za mji. Mwamvita akampa jina palepale. Balozi wa nyumba kumi, Bwana Ngollo, jina hilo lilimkaa kooni.

"Maliwali serikali ilishawafuta," alisema siku moja. "Huyu paka abadilishwe jina. Aitwe Ndugu."

"Muite wewe," akajibu Kuluthumu. "Akikuitikia tu, tumembadilisha."

Kuluthumu alikuwa mdogo wake marehemu, mjane naye, nyumba yake ng'ambo ya ua uleule. Asubuhi alikaanga vitumbua, na siku iliyobaki alimtania shemeji yake.

Sasa, Mwamvita alikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi baada ya alasiri alitia makaa kwenye chetezo, akaweka ubani na kipande cha udi, akazunguka chumba hadi chumba akifukiza, na mwisho akafukiza kanzu ya mumewe ya kuendea Ijumaa. Alipoondoka, Mfaume aliishika kazi hiyo bila kuambiwa na mtu. Hakukosa Alhamisi hata moja. Moshi ukishatanda, chumba kinanukia Mwamvita, na kwa muda ule Mfaume alikuwa anakaa kitandani, mikono magotini, mtu mwenye mke.

Katika moshi huo ndimo Liwali alimobanwa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwaka sabini na nne, paka anakaribia miaka kumi na mitatu. Alishuka kwenye mto, akajibana sakafuni tumbo chini, viwiko nje, shingo kainyoosha mbele kama anayechungulia chini ya mlango. Akaanza kutoa sauti kama bomba la breki linalovuja. Mbavu zinaingia na kutoka, mdomo wazi, ulimi nje.

Mfaume alidhani amekwamwa na mwiba wa samaki mgebuka. Akamfungua mdomo kutafuta, akang'atwa kidole. Akamgeuza chali ampapase kifua, paka akazidi kuvuta pumzi kwa shida. Alipoishiwa maarifa akafanya alichozoea: akatoa saa. Dakika sita. Ya saba Liwali alifunga mdomo, akalamba mguu wa mbele, akaenda kusimama kwenye kisahani chake kudai dagaa.

Mfaume akatoa daftari. Gadi wa treni, kila treni iliposimama pasipopangwa, alikuwa anaandika: saa ngapi, wapi, dakika ngapi zimepotea, sababu. Safu ya sababu ndiyo iliyokuwa na moto. Ukiandika "haijulikani", bwana mkubwa wa ofisini anakurudishia kitabu na kukuuliza kama ulikuwa umelala. Kwa miaka ishirini na sita Mfaume hakuandika neno hilo. Siku hiyo, kwa ajili ya paka, aliliandika. Hakulipenda hata lilivyokaa kwenye karatasi.

Kesho yake Ijumaa, Mfaume karudi msikitini, kakaa na kanzu yake, Liwali karuka magotini kwake, na hata hajajikunja vizuri akabanwa tena. Dakika nne. Alhamisi iliyofuata, dakika tisa. Haijulikani, haijulikani.

Kuluthumu alisimama mlangoni na sinia la vitumbua, akahesabu siku kwa vidole.

"Alhamisi, Ijumaa, Alhamisi. Shemeji, huoni? Zote siku za dada."

"Dada yako anataka nini kwa paka?"

"Anadai. Wewe unafukiza kama mtu anayefukuza mbu, kiubani kimoja, basi. Dada alikuwa anaweka udi wa kueleweka. Kampanda paka wake aseme kwa niaba yake."

"Kwa nini asiniambie mimi?"

"Wewe ungemuuliza kwa nini kachelewa."

Akaenda kwake akaleta udi wa Ujiji aliokuwa kaufungia kwenye kasha tangu harusi ya binti yake. Wakafukiza Jumapili. Liwali akabanwa. Wakaona basi bado dai halijalipwa, wakafukiza Jumanne, mara mbili, milango imefungwa ili moshi usipotee bure. Mara hii paka hakutoa hata sauti. Alilala ubavu, ufizi ukawa rangi ya zambarau, macho yakamtazama Mfaume moja kwa moja. Mfaume alimbeba mbiombio hadi uani akapiga magoti naye chini ya mpapai.

"Liwali. Liwali bwana. Usinifanyie hivyo. Mimi hapa nitabaki na nani?"

Kuluthumu alisikia, akavua kanga begani akampepea paka. Paka alirudi, lakini polepole, dakika kumi na saba. Jioni hiyo Mfaume alikwenda kuazima tenga la kuku.

Asubuhi yake akamtia Liwali tengani, akamfunga nyuma ya baiskeli, akaenda kwa bwana mifugo. Foleni ilikuwa ya watu wenye mbuzi. Bwana mifugo, kijana wa Igunga aitwaye Masele, alichungulia tengani, akamtazama mzee, akachungulia tena.

"Shikamoo mzee. Huyu ni nani?"

"Marahaba. Anaitwa Liwali. Anakata pumzi."

"Mzee wangu, mimi wa ng'ombe. Kesho kutwa naenda Kaliua kuhesabu ng'ombe wa vijiji vipya. Fomu yangu ina ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku. Paka hayumo."

"Muandike chochote."

Nyuma yao mtu mmoja mwenye beberu akasema paka wa mjini ana bahati, yeye mkewe ameugua wiki nzima hajapandishwa baiskeli. Watu wakacheka. Mfaume hakugeuka. Masele naye alicheka, kisha akaona mikono ya mzee ilivyokamata tenga, akaacha. Akaandika: ndama, dume, kijivu.

Alimwekea sikio ubavuni, akamtazama ufizi, akamwacha ajikunje mezani. "Sasa hivi mzima. Kifua kina mluzi kidogo, kama wa mtu mwenye pumu. Kwa nini, sijui, na sitakudanganya. Dawa niliyonayo ni ya kuogeshea ng'ombe, nikimpa utamzika. Lakini nitakwambia mambo. Akibanwa usimgeuze chali, usimtie kitu mdomoni, usimkumbatie. Muweke penye hewa, nyamaza, mwache akae anavyotaka. Na akiwa amelala usingizi, mhesabie pumzi. Una saa?"

Swali gani hilo. Mfaume alikuwa ameshaitoa.

"Kifua kupanda na kushuka ni moja. Kwa dakika moja pumzi zisizidi thelathini. Zikizidi siku mbili mfululizo, mlete, tutamwandika mbuzi. Na huko kubanwa, huwa kunaanza lini?"

Mfaume akatoa daftari. Masele akasoma yote, akaguna. "Umeandika vizuri kuliko sisi. Ila ng'ombe akianguka mimi nauliza alikula nini kabla. Hapa ya kabla hakuna."

Njiani kurudi, Mfaume alishuka kwenye baiskeli na kuikokota. Kijana wa ng'ombe alikuwa amemfundisha kazi yake mwenyewe! Gadi gani asiyejua kwamba ekseli ikishika moto Kaliua, Kaliua haina kosa? Unarudi nyuma: ilipita Urambo ikinuka? Ilipita Usoke ikipiga kelele? Moto huonekana unapofika, kosa liko kituo cha nyuma.

Alikaa mezani, akapiga mstari, akaongeza safu moja: kituo cha nyuma. Akajaza kwa kukumbuka. Alhamisi: chetezo. Ijumaa: kanzu iliyofukizwa. Alhamisi: chetezo. Jumapili: chetezo. Jumanne: chetezo, milango imefungwa.

Akaweka kalamu chini. Chetezo kilikuwa palepale kwenye dirisha, cha udongo, kimemeguka ukingo upande ambao Mwamvita alikiangusha mwaka wa harusi yao. Mfaume alikitazama muda ambao, ajabu, hakuupima. Moshi ule ndio uliokuwa unamletea mkewe kila wiki. Na moshi huohuo ndio uliokuwa unamnyonga kiumbe wa mwisho aliyewahi kulala miguuni pa mkewe. Kimoja kitoke.

Akavuka ua.

"Kuluthumu, sifukizi tena."

"Unasemaje?"

"Moshi unamuua Liwali. Soma hapa."

Kuluthumu hakusoma. Alikaa juu ya kigoda chake, unga mikononi. "Miaka miwili dada hajakosa Alhamisi. Leo umkatie kwa sababu ya paka?"

"Paka wake."

"Paka wake, ndiyo." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, unga ukabaki. "Na mimi ndiye niliyeleta udi wa Ujiji, shemeji. Nilifunga na mlango mwenyewe, kwa mkono huu. Ningemuua kwa mapenzi."

"Tulifunga wote. Wewe ulifunga wa mbele."

Akacheka akiwa analia. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hicho chetezo. Mimi na dada tumelelewa na mama mmoja, hata kwangu atapaona. Alhamisi utakuja kusoma Yasini huku. Kanzu yako pia italala huku, utaivaa hapa ukienda msikitini, utaivua hapa ukirudi, uende kwa Liwali wako na shati."

Ndivyo ilivyokuwa, na mtaa ukapata chakula. Kanzu ya Mfaume kwenye kamba ya Kuluthumu! Mzee anaingia kwa mjane na shati, anatoka na kanzu. Anarudi na kanzu, anatoka na shati. Wiki ya tatu Bwana Ngollo alikuja kikazi, kofia mkononi.

"Bwana Mfaume, kwanza hukuonekana shamba la mihogo la kata kule Kwihara. Pili, kuna maneno."

"La kwanza nitakuja Jumamosi. Maneno gani?"

"Ya nguo."

"Ni kwa ajili ya paka," akasema Mfaume.

Ngollo alimtazama kwa huruma. Katika miaka yote ya ubalozi alishaelezwa visingizio vingi, lakini hicho kilikuwa kipya. Kuluthumu akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwandike, balozi! Andika Kuluthumu kaolewa na kanzu!"

Daftari nalo likapumzika. Alhamisi moja, tupu. Ya pili, tupu. Kila siku baada ya chakula cha mchana Liwali akilala, Mfaume aliegemea na saa akahesabu: ishirini na nne, ishirini na sita, ishirini na nne. Wiki saba hakuna treni iliyosimama njiani. Mfaume akaanza kutembea kifua mbele, akamwambia kila mtu, pamoja na wasiouliza, kwamba sababu imepatikana.

Wiki ya nane, Jumatatu, mvua imekata, hewa safi, hakuna moshi wala kanzu, Liwali alishuka kwenye mto, akajibana sakafuni, akanyoosha shingo.

Mkono wa Mfaume ulikwenda wenyewe kumnyanyua paka, akaurudisha. Akafungua dirisha, akafungua mlango. Akakaa chini mbali kidogo, mgongo ukutani, saa kiganjani. Kuluthumu aliona mlango umeachwa wazi akaja, naye akakaa. Ubavu wa Liwali uliingia na kutoka. Dakika moja. Mbili. Ilipotimia ya tatu, mdomo ulijifunga.

"Ni nini leo?" Kuluthumu akanong'ona.

Mfaume alirudi vituo vyote vya nyuma kichwani. Dagaa walewale. Mto uleule. Mvua? Vumbi? Hasira za uzee? Akavuta daftari, akaandika saa, mahali, dakika tatu. Kwenye sababu akaandika haijulikani, herufi nzuri, bila kubonyeza kalamu kwa hasira. Bwana mkubwa wa kumrudishia kitabu hakuwepo tena. Na treni yenyewe ilikuwa imeshaondoka: Liwali alikuwa amesimama kwenye kisahani, anamtazama Kuluthumu kama mtumishi aliyechelewa.

Baada ya dagaa alipanda juu ya mto akalala. Mfaume akaanza kuhesabu. Kuluthumu akasogea naye atazame saa, akahesabu kwa midomo, na dakika ilipotimia wakasema pamoja:

"Ishirini na nane."

"Ishirini na saba."

"Shemeji, hiyo ya mwisho umeiruka."

"Sijaruka. Miaka ishirini na sita sijaruka."

"Basi tuhesabu upya," akasema Kuluthumu, akajiweka sawa kwenye mkeka. Wakahesabu upya.