Kijana wa Amerika Aliyesimama Langoni

Enzi zetu darasa zima lilisoma kitabu kimoja. Nasema kimoja, kilichochakaa, na mwalimu wetu wa fasihi alikigawa vipande akavishona kwa uzi wa gunia ili tupokezane. Ilikuwa riwaya ya Kiamerika, ya kijana aliyegombana na babake akatoroka nyumbani majira ya theluji. Sijawahi kuona theluji, lakini nilitetemeka naye pale pale kijijini kwetu Otonglo, jua la saa nane likipasua bati la darasa.

"Jadilini maudhui na wahusika," mwalimu alisema, nasi tukamjadili yule kijana kama mtoto wa jirani. Akinyi akainuka. "Mwalimu, huyu ako na miaka kumi na saba. Simba yake iko wapi?" Mwalimu akacheka, akaeleza kwamba kule mvulana akikua hajengi simba, kijumba chake katika boma la babake. Kule kukua ni kwenda zako. Tulitazamana kwa mshangao. Aende zake wapi?

Kwetu simba ilikuwepo, ila mwenyewe hakuwepo. Kaka yangu Odhiambo alikosana na baba akahamia mjini, mtaa wa Migosi, kwenye chumba cha kupanga, na jina lake likaacha kutajwa wakati wa kula. Mama alikuwa akifagia ile simba kila Jumamosi. Niliogopa kwamba hatarudi kamwe.

Jioni baba alikuwa akipukuchua mahindi, nami nikimsomea kitabu na kumfasiria kwa Kijaluo. Zamu yangu ikawa kipande cha mwisho. Kijana amerudi, amesimama langoni, anaona taa ndani, anaogopa kubisha. Kurasa zikaishia hapo. Zilizofuata zilipotea hata kabla kitabu hakijafika shuleni kwetu.

"Aliingia?" baba akauliza.

"Sijui, Baba."

"Na huyo babake? Yeye hana miguu ya kutoka nje?"

Mikono yake ikatulia juu ya gunzi. Kisha akaendelea na mahindi yake.

Kesho yake alitoa baiskeli asubuhi, hakuaga mtu. Alasiri nilikuwa langoni nilipowaona. Baba anakanyaga, Odhiambo amekaa kwenye keria, magoti yamechomoza huku na huku, wote wawili wanatafuna miwa na hawasemezani. Mama aliangusha ufagio akapiga vigelegele. Mpaka leo mwili hunisisimka nikifikiria kwamba mwandishi wa ng'ambo, asiyejua hata Otonglo iko upande gani wa dunia, alimwinua baba yangu kitini.

Siku hizi binti yangu anasomea fasihi Chuo Kikuu cha Maseno. Riwaya nzima anaimaliza kwenye simu kabla chai haijapoa: muhtasari, maudhui, wahusika, basi. Hajawahi kungoja zamu ya kipande, wala kulala akimwonea huruma mtu aliyeachwa langoni, na mimi namsikitikia kidogo. Juzi nilimsimulia haya, akashika simu. "Mama, nikutafutie ule mwisho? Ni sekunde tu."

Nikamwambia aache. Ule mwisho niliuona ukija kwa baiskeli.