Mitego ya Mpira ya Bi Mwanahawa

Bi Mwanahawa hakujua tarehe aliyozaliwa. Alijua tu kwamba ulikuwa mwaka wa nzige, na kwamba mama yake alimfunika kwa ungo ili wasimtue usoni. Alizaliwa juu ya Lukozi, akaolewa huku kwetu, kwenye mteremko ulio chini ya kiwanda cha mbao. Mumewe, Mzee Mbaraka, alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache, na neno akishalisema halibadilishi.

Kisa cha Mzee Mbaraka kinajulikana huku. Wakati wa mkoloni ilitoka amri kwamba kila mkulima akate shamba lake kwa matuta, ili mvua isichukue udongo. Aliyekataa alipelekwa barazani kuhukumiwa. Mbaraka alikataa, akalala mahabusu siku kumi na nne. Aliporudi alilichukua jembe lake, akalichomeka darini kwenye moshi. "Shamba hili," alimwambia mkewe, "halitaona tuta." Baadaye amri ile ilifutwa, Uhuru ukaja, Mbaraka akauona miaka miwili, akafariki. Alizikwa pembeni mwa shamba. Mteremko wake ukabaki laini kama mgongo wa ng'ombe.

Mimi nilikuwa karani wa kiwanda, na kwa kuwa nilikuwa na daftari, nikafanywa katibu wa timu. Timu yetu iliitwa Mkulo, kwa jina la mti tuliokuwa tukiupasua. Wachezaji wote walikuwa wafanyakazi, nao waliachiwa mchana wa kila Jumatano wafanye mazoezi, jambo lililotufanya tujione watu wa kazi ya mpira hasa. Kiwanja tulikichonga wenyewe ubavuni mwa mlima. Upande wa juu palikuwa na ukuta wa udongo. Upande wa chini palikuwa na shamba la Bi Mwanahawa, chini yake korongo, na ndani ya korongo mto.

Msimu ninaousimulia ni wa mwaka 1969. Mchezo wa kwanza wa nyumbani tulicheza na Lukozi mwezi wa Machi. Dakika ya sitini na mbili, winga wetu Sefania alipiga shuti lililopita juu ya goli, likapita maharage ya Bi Mwanahawa, likaingia korongoni. Mto ulikuwa umejaa. Mpira ulikuwa mmoja tu.

"Timu ya mbao!" watu wa Lukozi walituimbia wakipanda lori lao. "Mpira wenu umekwenda kuoga! Ukirudi mtusalimie!"

Kanuni ilisema mwenyeji ndiye mwenye mpira. Lukozi wakapewa ushindi, nasi tukaletewa barua: tukishindwa tena kumaliza mchezo nyumbani kwa kukosa mpira, tutatolewa kwenye ligi ya wilaya. Kepteni wetu Kristofa, aliyekuwa mtu wa msumeno mkubwa, alishuka hadi Tanga, akarudi na mpira wa ngozi ulioshonwa mara tatu. Tulijenga uzio wa mabanzi. Mvua moja ikauzoa wote.

"Dawa mbona iko wazi?" alisema Hamisi, golikipa, siku ya mazoezi. "Tuta moja tu pale katikati ya—"

Kristofa alimkanyaga mguu. Hamisi alikuwa mtu wa Magoma, hakujua. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Jumapili tukajikuta watatu mlangoni kwa Bi Mwanahawa, Kristofa, Hamisi na mimi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mbegu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mmepita njiani? Nilidhani miguu yenu inajua njia ya kwenye maharage tu."

Kristofa aliulizia afya yake, mbuzi, mvua, kisha mbuzi tena.

"Kristofa, mbuzi wangu hajambo mara mbili sasa. Sema."

Hamisi ndiye aliyesema. Alisema vizuri na kwa heshima, lakini neno tuta lilipomtoka, Bi Mwanahawa aliweka ungo chini.

"Mume wangu alilala siku kumi na nne kwenye sakafu ya mahabusu kwa sababu ya tuta. Nilimpelekea chakula kwa miguu. Leo nilichimbe mimi, ili ninyi mpate kukimbiza ngozi? Akiniuliza siku ya kukutana nitamwambia nini?"

"Basi, mama," alisema Kristofa. "Hatukuja kukuamrisha. Tulikuja kuomba, na umetujibu. Hongea." Hilo ni asante kwa Kishambaa, na alilisema kama anavyolisema mtu aliyepewa, si mtu aliyenyimwa.

Kuanzia wiki ile wachezaji walianza kushuka shambani kila Alhamisi jioni kuinua mimea waliyoikanyaga. Hawakutumwa na mtu. Bi Mwanahawa aliwatazama kutoka uani, na siku moja alipaza sauti, "Wewe Sefania! Hilo unaloliinua kwa upendo ni gugu!"

Kwenye michezo miwili iliyofuata, wachezaji wetu wa akiba walisimama mdomoni mwa korongo kama watu wanaosubiri mbuzi aliyekatika kamba, na mpira ukaponea chupuchupu. Kisha Aprili ikashuka mvua ya siku tatu. Ilipokatika, maharage ya Bi Mwanahawa hayakuwapo. Udongo mweusi ulikuwa umekwenda na mto, umebaki mwekundu. Ilimbidi apande upya.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, Kristofa alisikia jembe. Akaja kuniita ofisini. Tulisimama ukingoni mwa kiwanja tukaangalia chini. Bi Mwanahawa alikuwa amelishusha jembe la mumewe kutoka darini, mpini mweusi kwa moshi, na alikuwa amekwisha kukata mstari mmoja kukinga mteremko, udongo umeinuliwa hadi magotini.

"Mama!" Kristofa aliita. "Umechimba ma—"

"Malizia neno hilo uone."

Kristofa akaligeuza. "—ma... mama, hii ni nini?"

"Ni mtego. Mtego wa mpira. Itakuwa mitatu. Na wewe karani, ukiandika, andika hivyo hivyo."

Nilikuwa nimekwisha kuandika lile neno jingine. Nikalikata.

Kristofa aliteremka, akamuuliza taratibu alichotaka kumuuliza. Nilimsikia Bi Mwanahawa akijibu bila kuinua mgongo. "Nimewaza siku nyingi. Mbaraka hakugombana na udongo uliolundikwa. Aligombana na mtu aliyesimama nyuma yake na fimbo. Nimegeuka nyuma yangu, sijaona mtu." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Lakini moyo wangu bado haujatulia. Lete jembe lako."

Juu ya mitego alipanda mabingobingo, majani ya mbuzi wake, nayo yakashika upesi. Mwezi wa Mei bwana shamba wa wilaya alipita, akasimama kwa furaha. "Mama, nani amekufundisha matuta mazuri hivi?"

"Matuta yako wapi?" alisema Bi Mwanahawa, akitazama huku na huku. Bwana shamba alimtazama, akatutazama sisi, akaaga.

Mchezo wa mwisho ulikuwa na Mombo, mwishoni mwa Juni. Tulikuwa mkiani mwa ligi, hivyo ilitubidi tumalize mchezo na tusifungwe, la sivyo tungetoka. Watu wa Mombo walishuka kwenye lori wakitetemeka kwa baridi yetu. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha, na mpira ulioshonwa mara tatu ulikuwa mzito kama gogo.

Uliteremka shambani mara kumi na moja. Niliweka alama daftarini. Mara nane uliishia mtego wa kwanza, mara mbili wa pili. Kila mara Bi Mwanahawa aliutoa kwenye majani, akaufuta kwa kanga, akaurusha juu, mpira uwe wetu au wao.

"Sefania!" aliita mara moja, watu wote wakacheka. "Goli liko huko! Mimi huku nina maharage!"

Tulikuwa tumefungana bao moja kwa moja, na dakika tano zimebaki, mpira ulipopigwa na mtu wa Mombo kwa nguvu zake zote. Uliruka mtego wa kwanza, ukaruka wa pili. Ulidunda ukingoni mwa mtego wa tatu, ukarudi nyuma kidogo, ukalala kwenye mabingobingo hatua nne kutoka korongoni.

Mchezo uliisha sare. Tulibaki kwenye ligi.

Wachezaji waliteremka na mpira na matope yao kumshukuru. Bi Mwanahawa aliupokea mpira, lakini hakutaka kushikwa mkono. "Mimi nimefanya kazi ya mikono tu," alisema. "Nimevunja neno la mwenye shamba. Mkitaka kunisaidia, semeni naye."

Tukamfuata hadi pembeni, kwenye kaburi. Kristofa, Mlutheri, alivua kofia. Hamisi akafungua viganja, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini. Alipomaliza, Kristofa alisogea mbele.

"Mzee Mbaraka," alisema, "hongea. Hakuna aliyemwamrisha mkeo. Mitego imeshika."

Lile neno jingine hakulitaja mtu. Bi Mwanahawa akautoa mpira chini ya mkono wake, akampa Sefania. Tulirudi juu kwa njia ya pembeni, mmoja mmoja, tusikanyage maharage.