Punda Aliyekataa Kichuguu

Nilipokuwa mtoto kule Hulugho, hakuna aliyenieleza mama yangu alikufaje, kwa sababu hakuna aliyejua isipokuwa punda. Walitoka pamoja asubuhi kwenda kuteka maji silangani, bwawa letu la mvua, na punda akarudi peke yake, kamba zikiburuta, mitungi haipo. Hooyo, ndivyo Wasomali tunavyomwita mama, alikutwa amelala kando ya kichuguu kikubwa cha mchwa kilicho ubavuni mwa njia, hana jeraha, hana alama ya nyoka. Alizikwa siku hiyohiyo. Mimi sikulia. Wanawake walisema mtoto huyu ana moyo mgumu, nami niliwasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Tangu hapo punda akawa hapiti pale. Akikikaribia kichuguu, masikio yanasimama, anakoroma, anarudi kinyumenyume akitetemeka mpaka mzigo unaanguka. Kwetu kila mtu anajua kwamba vichuguu ni nyumba za majini, na kwamba mnyama huyaona yale tuliyofichwa sisi. Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza punda ana nini. Amemwona aliyemchukua hooyo, basi.

Aabo, baba yangu, alikuwa mbali malishoni pamoja na ngamia, na nyumba ilikuwa mikononi mwa adeer, ndugu yake, mtu asiye na subira. Ayeeyo, aliyemzaa hooyo, alimwonya.

"Ukimpitisha punda kwa fimbo, mwenye nyumba ile ya mchwa atakuangusha palepale."

Akampitisha kwa fimbo. Punda aliruka, kamba ikamzonga adeer mguuni, na akarudi nyumbani kwa kubebwa, kifundo kimevimba. Ayeeyo alimkanda kwa mafuta ya simsim.

"Mwezi ukiandama naye bado anakataa, nitamwacha porini," adeer akasema. "Fisi nao wana watoto."

Huyo punda ndiye pekee aliyekuwa amebaki kwetu kati ya vilivyokuwa vya hooyo. Nguo zake zilikuwa zimekwisha kutolewa sadaka. Nilijua napaswa kuogopa. Niliitafuta hofu ndani yangu, sikuiona.

Ayeeyo akanichukua. Yeye alibeba chetezo na ubani, mimi nikafunga maganda ya mbegu za mgunga, chakula akipendacho punda, kwenye pembe ya shuka langu. Tulielekea kichuguuni na punda bila mzigo, na kabla masikio yake hayajasimama, tunasimama sisi kwanza. Ayeeyo anafukiza, anasoma Ayatul Kursi, mimi nampa punda maganda. Naweka jiwe hapo tulipoishia, tunarudi nyumbani. Kesho yake tunasogea kidogo.

"Tunamzoesha punda?" nilimuuliza.

"Tunamzoesha mwenye nyumba. Jini ni jirani tu. Ukimwingilia ghafla anashtuka, na akishtuka anaumiza. Ukija taratibu anasema, aa, kumbe ni wale wa ubani."

Siku nyingine mfuko wa plastiki ulipeperushwa na upepo, punda akashtuka akarudi mbio, na tukajikuta nyuma ya jiwe la juzi. Ayeeyo hakukasirika. "Haye," alisema, "leo ni mpaka hapa."

Mwezi ulikuwa umebaki ukucha tu siku punda alipolipita jiwe la jana bila kusimama. Aliinamisha kichwa, akakinusa kile kichuguu, akapiga chafya, akaendelea na njia. Nikapita naye. Nikageuka kumwambia ayeeyo.

Alikuwa bado amesimama kwenye jiwe la jana. Alikitua chetezo mchangani.

"Nendeni," alisema. "Mimi nimechoka."

Ayeeyo hakuwa mtu wa kuchoka. Siku zote hizo nilimwona kama mwenye dawa, mwenye dua, mwenye majibu. Haikuwa imenipitia akilini kwamba yule tuliyemzika alikuwa mtoto wake.

Nilimwacha punda akitafuna majani, nikarudi. Sikujua kingine cha kufanya, kwa hiyo nikafungua pembe ya shuka, nikamwekea kiganjani maganda yaliyobaki.

"Leo ni mpaka hapa, ayeeyo."

Aliyatazama yale maganda, akacheka kidogo, kisha akaketi mchangani akalia. Niliketi naye. Mimi bado sikulia. Kilio changu kilikuja miaka mingi baadaye, sokoni Garissa, mbele ya mama anayeuza ubani, na hata yeye alidhani nina mafua.

Adeer hakutaja tena fisi, na punda akabeba maji mpaka akazeeka. Majirani walisifu ubani. Mimi mpaka leo sijui nani alimzoea nani, wala sioni haja ya kubishana. Ninachojua ni kwamba ayeeyo hakukipita kile kichuguu mpaka anakufa. Akienda silangani alizunguka mbali, kwenye miiba. Watu walisema anaogopa jini, nami sikuwasahihisha. Mawe mengine yote niliyaokota na kuyatupa. Lile la ayeeyo, alipoishia siku ile, nililiacha palepale.