Jiwe la Tano

Miaka arobaini mke wa seremala hakutupa betri hata moja. Yeye aliziita mawe, kama mama yake alivyoziita. Jiwe likichoka alilianika dirishani, likapata joto la jua, likaimba siku mbili zaidi. "Akiba haiozi," alisema.

Akiba haiozi, ila mawe huoza. Alipofariki, seremala aliikuta redio kaseti yao ndogo chini ya nguo zake, imeviringishwa kitambaa. Mawe manne yalikuwamo bado. Yamevuja, yamekula springi zote. Kanda ilikuwa nzima, na ndani ya kanda mlikuwa na sauti yake. Picha zake zilikuwapo. Sauti ilikuwa hiyo tu.

Redio haikuwa tena na nyumba ya mawe, seremala akaijengea nyingine. Kisanduku cha mbao ya mkangazi, vyumba vinne, mshipi wa kutundika begani, ili aende nayo karakana, bombani, popote. Likabaki moja: atie mawe gani?

Akaenda kwa fundi redio, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Waya.

"Nataka mepesi, yenye nguvu, yasiyovuja," akamwambia.

"Mzee, unachagua betri au unaposa?"

Seremala hakucheka, ila masharubu yalisogea.

Mama Waya akaweka mezani betri bapa ya simu, nyepesi kama ganda la karanga. "Hii peke yake nguvu haifiki. Nitaiongezea kidude cha kupandisha umeme, lakini kinavuma kama nyuki."

"Nyuki sitaki. Namtaka yeye tu."

"Basi hizi za kawaida."

"Zikichoka?"

"Sauti inajiburuta."

"Hapana."

Zikabaki za kuchaji. "Hizi nguvu yake inabaki palepale karibu mpaka mwisho," akasema Mama Waya. "Halafu kimya."

Seremala akaziangalia. "Kama yeye," akasema.

Mama Waya akapanga nne katika vile vyumba, akabonyeza. Ikatoka sauti nzito, inajikokota kama mtu aliyekatizwa usingizi.

"Huyu si mke wangu," akasema seremala. "Huyu shemeji yangu, yule mnene."

Mama Waya akacheka hadi akashika meza. Kisha akachukua kipimo chake, akagusa waya. "Kosa langu, baba. Jiwe la kawaida nguvu yake moja na nusu. La kuchaji ni moja na kitu kidogo. Manne hayafikishi. Tia la tano."

"Vyumba ni vinne."

"Kwani wewe si seremala?"

Shule hakuiona, lakini kupima mara mbili na kukata mara moja alikujua. Asubuhi iliyofuata alichonga chumba cha tano ukutani mwa kisanduku, pembamba pale, patasi ikienda kwa pumzi. Hakikupasuka. Akatia jiwe, akaunga waya, akabonyeza.

"Wewe! Unanielekezea nini hicho?"

Ni yeye. Harakaharaka, maneno yakikanyagana.

"Kinanasa sauti," akajibu kijana fulani ndani ya kanda. Seremala hakujitambua mara moja.

"Mimi nina nini cha kunaswa?" Akacheka. Kicheko chake kilianza kwa kikwaruzo kidogo kooni. Hicho alikuwa amekisahau kabisa. "Zima, bwana wee, unamaliza mawe!"

Ndani ya kanda kitufe kikalia *ka!* Basi.

Akarudisha kanda nyuma. Akasikiliza tena, na tena. Mara ya nne ndipo alipoitambua ile *ka!* Kilikuwa kidole chake mwenyewe. Aliambiwa zima, akazima. Maisha yake yote alikuwa mume msikivu, na kuanzia hapo upande wote wa kanda ulibaki mtupu.

Mara ya tano, ilipofika pale pa kumaliza mawe, seremala akaiinamia redio.

"Haya yanachajiwa, mama watoto," akasema. "We sema tu."

Hakuzima. Kanda ikaendelea kuzunguka, ikipumua utupu wake, mpaka mwisho wa upande. Mkono wake ulikuwa juu ya kisanduku. Mawe yalikuwa vuguvugu, kama yametolewa dirishani sasa hivi.