Nyuma ya Kiganja

Fundi wa vyombo vya umeme hapa Gachoka humwangalia mteja miguu kabla ya uso. Hupiga mluzi akilehemu, hunyamaza akipima. Mwanarusi, mwenye bucha ya jirani, alimletea chaja ya simu iliyokuwa ikipiga shoti. Fundi akabadilisha kapasita ndogo ya buluu, ile inayozuia umeme wa ukutani usivuke hadi kwenye simu. Mita yake ya kupimia umeme ikakubali. Mwanarusi akanyoosha mkono apewe chaja yake.

"Ngoja, mama." Akaichomeka ukutani, akavua viatu, akamwaga maji sakafuni, akayakanyaga, kisha akaigusa ncha inayoingia kwenye simu kwa nyuma ya kiganja, ili umeme ukimpiga vidole visiifumbate.

"Si mita imesema iko sawa?"

"Hii simu hushikwa na nani sana?"

"Mtoto."

"Huvaa viatu?"

Mwanarusi akacheka. "Mtoto gani huvaa viatu kwa nyumba?"

Fundi hakucheka. Akaongeza maji, akagusa tena.